Akwariamu ya Nyar Kuria

Wiki iliyopita fundi alikuja kuziba sinki la jikoni kwangu hapa Migori. Nilimwacha afanye kazi yake, nikaketi sebuleni na rundo la insha za Kidato cha Pili, kalamu nyekundu mkononi, nikipigana na wanafunzi wanaoandika "mtu hiyo" na "watoto hizo" kana kwamba wamekula kiapo cha kunizeesha. Kisha harufu ikanifikia. Ilikuwa harufu kali ya siki, ile inayochoma pua na kukaa kooni. Nilijua ni silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, kabla sijageuza kichwa. Fundi alipotoka jikoni kuniambia nisifungue maji mpaka kesho, alinikuta nikilia na kutabasamu kwa pamoja, na maskini akaanza kujitetea kwamba hakuvunja chochote.

Wenzangu wengi wa rika langu huwakumbuka mama zao kwa moshi wa kuni, au kwa maandazi, au kwa mafuta waliyotupaka mpaka tukang'aa siku ya kwenda kanisani. Mimi mama yangu wa pili namkumbuka kwa silikoni mbichi, na sioni haya kusema hivyo.

Tuliishi Homa Bay, baba na mimi, katika nyumba ya kupanga isiyo mbali na ziwa. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka minne, kwa hiyo nilibaki naye kwa vipande: mkono wenye bangili mbili, kicheko cha chini kwa chini, na vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe. Vitambaa hivyo vilitandikwa kwenye meza ya pembeni sebuleni, na baba hakuruhusu mtu avitoe hapo isipokuwa kwa kufuliwa. Baba alikuwa karani katika ofisi ya mambo ya samaki. Kazi yake ilikuwa kuandika uzito wa samaki waliokufa, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa walio hai. Aliweza kusimama ufuoni saa nzima akiwachagua fulu, wale samaki wadogo wa rangi rangi wanaonaswa pamoja na omena, dagaa wa ziwani, akiwageuza kiganjani na kuwarudisha majini. Wavuvi walimcheka. Watu wanakula samaki, walimwambia, wewe unataka kuongea nao?

Siku moja tukiwa mezani alinitangazia jambo. Wakati huo nyumbani tulizungumza Dholuo tu, kwa hiyo alisema, "Nyar Kuria biro gi akwariam." Maana yake, mwanamke wa Kikuria anakuja, na anakuja na akwariamu. Nyar Kuria nilielewa, kwa sababu kwetu mwanamke huitwa binti wa kwao. Akwariamu ndiyo sikuwahi kuisikia. Nilikuwa na miaka minane, na masikio yangu yakafanya hesabu yao wenyewe: Kuria, akwariamu. Kwangu lilikuwa neno moja lililorefushwa. Nikaamua kwamba akwariamu ni kitu cha Wakuria, labda vazi lao, labda ndilo jina lao kamili likitamkwa kwa heshima. Kesho yake nikawatangazia wenzangu darasani kwamba baba anaoa Akwariamu. Mwalimu alicheka mpaka akaegemea ubao, na hakuna aliyenieleza kilichomchekesha. Jina nikalipata papo hapo, Mtoto wa Akwariamu, na nililibeba mpaka darasa la sita.

Alikuja Jumapili mchana kwa pikapu ya kukodi. Nilikuwa nyuma ya pazia. Akashuka mwanamke mrefu mwembamba, amefunga kitambaa cha manjano kichwani, na kabla ya kumsalimia mtu yeyote akazunguka nyuma ya gari na kuanza kufungua mablanketi yaliyofungwa kwa kamba. Ndani ya mablanketi mlikuwa na sanduku la kioo. Lilikuwa tupu. Nilishangaa sana mtu kusafirisha sanduku tupu kutoka Migori mpaka Homa Bay kwa uangalifu ule.

Alikuwa amelitengeneza mwenyewe. Jina lake ni Boke, na kwao walikuwa na karakana ya vioo mjini Migori, vioo vya madirisha, vya kabati na vya kujitazama. Baba alikuwa amezunguka kwa mafundi akitafuta wa kumtengenezea nyumba ya samaki wake, na wote walimcheka isipokuwa yeye. Yeye alimuuliza samaki wenyewe ni wakubwa kiasi gani. Baba alinisimulia hayo miaka mingi baadaye, na alipofika kwenye lile swali alivua miwani yake na kuifuta ingawa haikuwa na vumbi.

Meza imara ilikuwa moja tu, ile ya pembeni. Baba akavikunja vitambaa vya mama, akavitia kwenye droo, na sanduku la kioo likakaa mahali pao. Hakuna aliyeniuliza. Nilisimama pale mikono nyuma, nikaapa kwa moyo wangu wote wa miaka minane kwamba huyu mama na kioo chake watarudi walikotoka, tena wote wawili, kama walivyokuja.

Majirani walifurika kuja kutazama. Mama mmoja wa nyumba ya pili aliinama, akawakagua fulu wakizunguka ndani ya maji, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Sasa hizi mnakaanga lini?" Baba alijaribu kumweleza kwamba ni wa kutazamwa. Mama yule alimtazama Anti Boke kwa huruma, akaenda zake.

Kwa sababu ya Anti Boke nyumba yetu ikaanza kuzungumza Kiswahili. Yeye hakujua Dholuo, na sisi hatukujua Kikuria. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, chenye adabu za upande wa pili, wa Tanzania. Alinifundisha kusema shikamoo, na ulimi wangu wa Kijaluo ukasema "sikamoo" mwaka mzima, naye akaitikia marahaba kila asubuhi bila kunicheka. Akichoka, l zake ziligeuka r, akaniambia nikarare. Cha baba kilikuwa Kiswahili cha ofisini na sokoni, na kilikuwa na ngeli moja tu. Kila kitu chini ya jua kwa baba kilikuwa "i". Kiti imevunjika. Mchungaji imefika. Mvua inakuja, na hapo alipatia kwa bahati. "Mtoto imekula?" angeuliza akivua viatu mlangoni, na Anti Boke angemjibu, "Imekula, Baba Awino, na imeshiba," huku akinikonyeza. Awino ndiye mimi. Nilikuwa nageuza uso ili asifikiri nimecheka.

Kazi yangu ilikuwa kuwapa samaki chakula, omena iliyotwangwa, asubuhi na jioni. Hapo ndipo nilipogundua ule ukingo. Kwenye kona za ndani, kioo kilipokutana na kioo, kulikuwa na utepe laini usio na rangi, laini kama ngozi ya uji uliopoa. Kucha iliingia. Ukivuta, ulitoka uzi. Nilianza na uzi mmoja, mkono ukiwa ndani ya maji mpaka kiwiko. Kesho yake nikatoa mwingine, kwenye kona ile ile ya nyuma ambayo haikuonekana kutoka kwenye makochi. Nilidhani utepe ule ndio uliomfunga Anti Boke nyumbani kwetu. Kwa njia gani, sikujua, lakini yeye na kile kitu walikuja pamoja na karibu waliitwa jina moja, kwa hiyo niliona ukifumua kimoja na kingine kitafumuka. Vipande nilivitia mfukoni mwa sketi ya shule. Nilivichezea wakati wa somo la hesabu na kujiona mtu hatari sana.

Aliyeharibu mpango wangu ni samaki. Mmoja wa fulu, jike wa rangi ya majivu, aliacha kula. Nilimwona akiokota vitu vidogo vya manjano chini na kuvitia mdomoni, na siku zilivyopita taya lake likavimba. Siku moja nikaona kwa macho yangu kitu chenye macho ndani ya mdomo wake. Nikapiga kelele kwamba samaki anakula watoto wake. Anti Boke alikuja mbio mikono imejaa unga, akapiga magoti kando yangu.

"Hawali," akasema. "Amewaficha."

"Atawameza!"

"Hawamezi. Baba yako anasema atakaa na njaa wiki mbili, hata tatu, mpaka waweze kuogelea. Ebu mtupie omena uone."

Nilitupa. Omena ikashuka mbele ya pua yake, wenzake wakaigombania, yeye akasogea pembeni na mdomo wake umefungwa. Tulikaa pale tukimtazama mpaka ugali ukaungua. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, nilikubali Anti Boke anisuke. Kabla ya hapo nilikuwa nakimbilia kwa yule mama wa nyumba ya pili, aliyevuta nywele kana kwamba zimemkosea. Mikono ya Anti Boke ilikuwa myepesi, na ilinuka siki kidogo, kwa sababu bado alikuwa akiwawekea majirani vioo vya madirisha. Nilisinzia magotini pake. Nilipoamka, nilijua kwamba sitaki aende.

Nikaacha kubandua. Nilidhani kuacha kunatosha.

Ilikuwa wiki ambayo shule zilifungwa. Sisi tulikuwa Waadventista, na Anti Boke, Mkatoliki wa kuzaliwa, alikuwa akija nasi kanisani kila Sabato kwa hiari yake na kusinzia kwa hiari yake wakati wa lesoni ya Biblia. Sabato hiyo tuliporudi tulikuta kapeti imelowa. Tone la maji lilikuwa limening'inia kwenye kona ya nyuma, kona yangu. Likanenepa, likaanguka, na lingine likaanza. Baba alisimama na Biblia kwapani asijue la kufanya. Jua lilikuwa bado juu, na Sabato kazi haifanywi. Akaanza kuwaza kwa sauti juu ya yule ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, ambaye inaruhusiwa kumtoa. "Lakini hii samaki haijatumbukia mahali," akasema. "Ni maji ndiyo inaiacha. Hiyo imeandikwa wapi?" Anti Boke hakungoja jibu. Alileta sufuria, akaiweka chini ya kona, na tukaketi kwenye makochi na nguo zetu za kanisani tukisikiliza matone mpaka jua likazama. Sijawahi kukaa Sabato ndefu kama ile.

Jua lilipozama tu, baba alikimbia dukani, akarudi na silikoni, akaipaka upande wa nje kwa kidole. Kisha akapunguza maji, akapaka na ndani, juu ya ile ya zamani.

"Baba Awino," Anti Boke akamwambia, "mpya haishiki juu ya zamani. Lazima itolewe yote kwanza."

"Hii ni tundu kidogo. Tundu kidogo inazibwa kidogo."

Asubuhi akajaza maji tena. Jumatatu jioni kona ikalia, safari hii juu ya mafaili ya ofisini aliyokuwa ameyaweka chini ya meza. Baba hakuwa mtu wa kelele, lakini siku hiyo tulimsikia. Alikuwa amepiga magoti, faili moja linachuruzika mkononi, na kidole cha mkono mwingine kinapapasa ndani ya kona.

"Nani imebandua hii? Hii haijachakaa yenyewe. Hii imebanduliwa!"

Nilikuwa mlangoni.

"Ni mimi," Anti Boke akasema. "Nilikuwa nasugua uchafu kwa wembe. Nikakata ndani sana."

"Wewe? Fundi?"

"Hata fundi hukosea."

Hakunitazama. Hilo liliniogopesha kuliko kelele za baba, kwamba hakunitazama hata kidogo.

Baada ya chakula nilikuwa chumbani na kazi yangu ya likizo, nao wakabaki sebuleni. Sauti ya Anti Boke ilikuwa chini, sikuambulia neno. Kisha nikaisikia ya baba, imechoka. "Kama ni kurudi Migori, irudi. Siwezi kuifunga kamba." Kisha akarudia polepole, "Irudi tu."

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na sentensi hiyo mpaka leo siwezi kuisahihisha. Akwariamu irudi ni Kiswahili safi. Baba wa mtu mwingine, kama angekuwa anamsema binadamu, angesema arudi, na mambo yangekuwa wazi. Lakini kwa baba yangu mchungaji alikuwa "i" na mimi nilikuwa "i". Basi aliyekuwa akirudi Migori ni nani, kioo au mwenyewe? Miezi mitatu kabla ya hapo ningefurahia jibu lolote. Sasa nilikaa na penseli mdomoni, na hakuna hesabu hata moja niliyofanya.

Asubuhi Anti Boke akaniambia ataiziba yeye mwenyewe, vizuri, kabla ya mambo mengine. Nikamuuliza ni mambo gani hayo mengine. Akaniambia nilete beseni.

Samaki tuliwahamishia kwenye beseni kubwa la kufulia, ndani ya maji yao wenyewe. Wengine aliwavua kwa kichungi cha chai, lakini yule jike hakutaka ashtuke, maana angewatema watoto kabla ya wakati. Alizamisha bakuli mbele yake, akautuliza mkono, akangoja. Nilibana pumzi. Samaki alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena, mpaka akaingia kwenye bakuli mwenyewe. Anti Boke akamwinua polepole kabisa, midomo yake mwenyewe ikiwa imebanwa, na sidhani alijua kwamba ameibana.

Tulinyonya maji yaliyobaki kwa mpira, tukakausha kioo kwa matambara, tukakibeba uani penye kivuli cha ukuta. "Sasa tunabandua," akasema. "Yote, hata iliyo nzima. Ukiacha kipande cha zamani, mpya itashika kila mahali isipokuwa hapo, na maji yatapajua." Akanipa wembe uliofungwa selotepu upande mmoja, akanionyesha namna ya kuulaza juu ya kioo ili usikwaruze. Kona za kusimama zilikuwa nne. Akachukua tatu, mimi akanipa moja. Ilikuwa ile ile. "Hapo kazi si nyingi," akasema, "pamekwisha kuanzwa." Uso wake haukuonyesha kitu.

Ilituchukua mpaka alasiri. Alifuta vioo kwa spiriti mara tatu na kunikataza kugusa, kwa sababu mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuharibu kazi nzima. Akabandika selotepu ya karatasi kila upande wa kona ili mstari unyooke. Kisha akatoa bunduki ya chuma, akapachika mrija wa silikoni alioununua mwenyewe asubuhi ile, nami nikarudi nyuma hatua mbili, maana sikujua kwamba kuna bunduki za gundi. Alianza juu, akateremka mpaka chini bila kusimama, kisha akailainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, mara moja tu. "Ukirudia unaharibu," akasema. Harufu ya siki ikajaa uani mpaka kuku wa jirani wakahama.

"Sasa tunajaza maji?"

"Sasa hatuigusi. Siku tatu."

Siku tatu hizo baba alikuwa akirudi kazini, anakwenda uani, anazunguka ile akwariamu mikono nyuma, anafungua mdomo, anaufunga, anaingia ndani. Anti Boke alipika, alifua, alizungumza kidogo sana. Mimi nilikuwa mlinzi. Nilifukuza kuku, nilifukuza watoto wa jirani, nilibadilisha maji ya beseni kidogo kidogo kwa maji ya ziwa kutoka kwenye jerikeni. Siku ya pili mchana Anti Boke alikuja kuchutama upande wa pili wa beseni, na nikaona nisipouliza nitapasuka.

"Anti, ni nani inarudi Migori?"

"Nani kasema kuna mtu anarudi Migori?"

"Baba. Nilisikia. Alisema irudi, hawezi kuifunga kamba."

Alinitazama kwa muda. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini kabisa kwenye udongo. "Ee, Awino! Baba yako na hiyo 'i' yake! Mimi ni i, wewe ni i, hata mbunge ni i. Alikuwa anasema akwariamu. Amechoka na maji kwenye mafaili yake."

"Si wewe?"

"Akwariamu," akasema tena, akageuka kukikamua kitambaa ambacho tayari kilikuwa kikavu.

Ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, makamasi na yote, mbele ya samaki. Nikamwambia ni mimi niliyebandua, kwa kucha, uzi mmoja mmoja. "Nilitaka mwende," nikasema, "wewe na hii kitu. Lakini sasa sitaki. Usiende. Tafadhali usiende, nitafua maji ya samaki kila siku."

"Najua ni wewe," akasema.

"Unajua?"

"Vipande vilikuwa mfukoni mwa sketi yako. Ni nani anafua hapa?"

"Tangu lini?"

"Tangu uzi wa kwanza."

"Mbona ulimwambia baba ni wewe?"

Alifikiri kidogo, akikizungusha kile kitambaa. "Ningekutaja ungesema nimekuchongea. Na hatungepatana mpaka nizeeke." Kisha akanivuta kwake juu ya beseni, maji yakamwagika, nikauzika uso wangu kwenye shingo yake yenye harufu ya siki na sabuni. Alinishika kwa nguvu sana. Nakumbuka niliwaza kwamba ananishika kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilia.

Siku tatu zilipotimia tukairudisha ndani. Tulitandaza magazeti chini yake, tukajaza maji nusu, tukangoja, tukajaza yote. Asubuhi baba alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya gazeti, kisha shavu. "Kavu," akasema. Alibaki na shavu pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na aliposimama alimshika Anti Boke bega mbele yangu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Samaki wakarudi kwao. Wiki haikwisha yule jike akafungua mdomo, na wakatoka wadogo wadogo kama mbegu za nyanya zenye macho, na nilipokaribia kioo wakakimbilia mdomoni tena wote. Anti Boke alitoa vitambaa vya mama kwenye droo, akavifua, akavipiga pasi, kisha akaniuliza mimi, si baba, vikae wapi.

Sikumbuki siku niliyoanza kumwita Mama. Nakumbuka tu kwamba nilipoitwa Mtoto wa Akwariamu shuleni nilianza kuitika. Akwariamu ile haikuvuja tena mpaka nilipokwenda chuoni. Kwake yeye nilipata Kiswahili ambacho leo kinanilisha, nikapata mtu wa kunisuka, wa kunisubiri nje ya vyumba vya mtihani, wa kusimama nami siku tulipomzika baba. Mungu alinipa mama mara mbili, na huwa namshukuru kwa sauti hata nikiwa peke yangu.

Fundi wa sinki alipoondoka nikampigia Mama simu. Bado anaishi Homa Bay, na bado anakata vioo, ingawa siku hizi anavaa miwani ya kusomea juu ya ile ya kawaida.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kwani unalia?"

Nikamweleza habari ya silikoni, akacheka. Tukakumbushana beseni, na sufuria ya Sabato, na baba na ng'ombe wake wa kisimani. Nikamwambia jinsi nilivyoogopa juma lile, na jinsi ninavyoshukuru mpaka leo kwamba baba alikuwa anasema akwariamu.

"Awino," akasema, "siku ile ulisikia vizuri. Alikuwa ananisema mimi. Kucha zako sikuzitaja, lakini nilimwambia mtoto hanitaki, na siwezi kukaa mahali ninapobanduliwa. Nikamwambia wacha nirudi kwetu. Naye akasema hawezi kunifunga kamba."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Ulikuwa na miaka minane, ungeuweka wapi ukweli huo?"

Nikamwuliza kwa nini basi hakuenda.

"Dukani kulikuwa na silikoni aina mbili," akasema. "Moja inakauka kwa siku moja, na hiyo ndiyo mafundi wote wananunua. Mimi nikachukua ya siku tatu. Nikajiambia, katika hizo siku tatu mtu mmoja tu akiniambia kaa, nitakaa."

Nilimwambia asante, kisha nikamwambia tena.

"Ulichelewa mpaka siku ya pili," Mama akasema. "Nilikuwa nimeshaanza kuogopa."